Sauti Isiyofungwa Kamba

Mwanamke niliyempenda alikuwa ameimba mbele ya maelfu ya watu huko Ulaya, na asubuhi ile alikuwa nyuma ya ng'ombe wangu, anamsukuma kupanda kilima cha Ganako.

"Clemensi! Ng'ombe wako hataki kwenda kwako."

"Msukume."

"Nimemsukuma. Amenijambia."

"Basi amekubali. Twende."

Solvei akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Mimi nilisimama na kamba mkononi, namtazama. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nilikuwa nimezunguka na mashine za kuvuna ngano kutoka Basotu hadi West Kilimanjaro, nimelala kwenye mahema na chini ya matrekta, na wanawake nimewaona. Lakini mwanamke wa kucheka vile, mavi ya ng'ombe yamemjaa kwenye viatu, sikuwahi kumwona. Niligeuka nikajifanya nakaza fundo la kamba. Fundo lilikuwa limekaza siku nyingi.

Watu wa Karatu walimjua Solvei kwa namna mbili. Wazee walimjua kama mtoto wa fundi Ekman, yule Mswidi aliyejenga wodi za hospitali ya misheni, akafa kwa homa na kuzikwa hukuhuku. Walikumbuka kasichana kenye nywele nyeupe kama ndevu za mahindi, kanaimba na watoto wenzake kwa Kiiraqw, mpaka mama yake alipokachukua na kurudi nako kwao. Vijana walimjua kwa jina la Vivi, kwa kaseti zilizokuwa zikipigwa kwenye baa ya stendi. Hawakujua kama Vivi na mtoto wa fundi ni mtu mmoja, hadi mwaka ule wa themanini na tatu aliposhuka kwenye lori la mahindi na begi moja, akauliza njia ya makaburini.

Msalaba wa chuma wa baba yake ulikuwa umelala. Mimi ndiye niliyekwenda na nyundo kuunyoosha. Alisema anakaa siku mbili. Mvua zilikuja zikaisha, ngano ikakauka shambani, na yeye bado yupo.

"Clemensi," akasema akiwa bado amekaa, "yule mzee Josephati amekasirika kweli?"

"Kidogo. Lazima akasirike. Asipokasirika, ni dharau. Maana yake ng'ombe wangu alikuwa wa hovyo."

"Lakini amekaa naye miaka yote hiyo! Amemlisha, amemchunga, leo unakuja na kamba tu, unamchukua?"

Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe msomaji. Huku kwetu mtu hawaweki ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Ugonjwa ukiingia, utalia. Unampa rafiki mmoja akulishie. Maziwa anakunywa yeye, mbolea anatia kwenye shamba lake. Ndama ni wako. Siku ukimtaka ng'ombe wako unakwenda mchana, watu wakikuona, unamwita ng'ombe kwa jina. Anayelisha atanung'unika, atakuambia ng'ombe amezeeka, atakuambia mvua inakuja, lakini hawezi kukataa.

"Na akikataa?"

"Hajazaliwa wa kukataa. Watamcheka hadi wajukuu wake."

"Na maziwa yote aliyokunywa?"

"Yamekwisha, Solvei. Nani anadai maziwa yaliyonywewa? Ukiwa muungwana unamwachia ndama mmoja wa shukrani, unachukua ng'ombe wako, mnabaki marafiki."

Hakucheka tena. Alimshika yule ng'ombe wangu, Madoa, sikio, akalisugua taratibu kwa kidole gumba.

"Rolf amefika," akasema.

Jina hilo nililijua. Nililichukia kabla sijamwona mwenyewe.

"Yuko wapi?"

"Hoteli ya kule juu, ukingoni mwa kreta. Amemtuma dereva wake jana. Kesho anakuja kunichukua."

"Kukuchukua kama nini? Kama mzigo?"

Akanisimulia njia nzima, Madoa akitangulia, sisi nyuma. Alikuwa na miaka kumi na tisa Rolf alipomsikia akiimba kwenye harusi. Rolf akamwambia, wewe imba tu, mengine niachie mimi. Akamwachia kweli. Rolf akamchagulia jina, akaitwa Vivi. Akamchagulia nyimbo, nguo, nywele, hata namna ya kucheka kwenye picha. Alipopata mchumba akaambiwa mchumba awe anaingilia mlango wa jikoni, mashabiki wasimwone. Mchumba akachoka na mlango wa jikoni, akaenda zake.

"Mwaka jana nikamletea Rolf nyimbo zangu. Nilizitunga mwenyewe. Akasikiliza nusu ya wimbo wa kwanza akasema, Vivi, hakuna mtu anayenunua huzuni yako."

"Ukafanyaje?"

"Nikauimba jukwaani bila ruhusa. Wapiga vyombo wakatazamana, wakaacha kupiga. Nikaimba peke yangu mpaka mwisho. Usiku uleule kampuni ya Rolf ya muziki ikaniambia jina ni lao, nyimbo ni zao, na hakuna ukumbi Uswidi nzima utakaonipa jukwaa. Ndiyo nikapanda ndege. Nilitaka kumwona mtu mmoja tu aliyewahi kuniita kwa jina langu. Bahati mbaya ni baba, na yuko kaburini."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia namwita kwa jina lake. Nilitaka kumwambia mengi. Nilichosema ni, "Angalia shimo hapo mbele."

Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha darasa la nne, na maneno ya mapenzi nadhani yalikuwa darasa la tano.

*

Kesho yake tulikuwa na kazi ya kupura ngano nyumbani kwetu Mbulumbulu. Dizeli ilikuwa haipatikani mwaka ule hata kwa kuota. Ile mashine kubwa ya kuvunia niliyokuwa naiendesha ilisimama nyuma ya nyumba, imekuwa banda la kuku. Kwa hiyo watu walirudi kwenye mambo ya babu zao: tulisiriba uwanja kwa mavi ya ng'ombe, ukakauka ukawa mgumu, tukamwaga ngano, na majirani wakaja kila mtu na fimbo yake. Mama alikuwa amepika pombe tangu wiki iliyotangulia.

Mama yangu Leonida ni mtu wa rozari na mdomo mkali. Alimpokea Solvei vizuri, akamkaribisha chai, akamwuliza habari za kwao. Mimi akanivutia jikoni.

"Unamtazama vipi yule mtoto wa Ekman?"

"Namtazama kwa macho, mama."

"Usinifanyie mchezo. Majirani wameniuliza. Nimewaambia Clemensi ana akili. Nisije nikaonekana mwongo."

"Mama, yule mwanamke ana kosa gani?"

"Hana kosa. Mama yake pia hakuwa na kosa. Tulichota naye maji, tulizaa mwaka mmoja, mumewe alipokufa nililala naye kitanda kimoja mwezi mzima asilie peke yake. Siku anaondoka akanishika mikono hii, akasema, Leonida, mavuno yakifika nitakuwa nimerudi, unitunzie kaburi. Nimelitunza. Mavuno yamefika mara ngapi?" Akachukua mwiko akaugonga kwenye sufuria. "Wale huondoka, mwanangu. Wanaondoka vizuri, wanakubusu, halafu ndiyo basi. Sikukuzaa uje ukae barabarani unatazama vumbi la magari."

Nikachukua fimbo yangu nikatoka.

Huko nje wimbo ulikuwa umeanza. Kupura ngano bila wimbo huwezi, fimbo zitagongana na mtu atavunjwa kidole. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na fimbo zinashuka pamoja kwenye kiitikio. Anayeanzisha akiachwa bila kuitikiwa, fimbo zinasimama na aibu ni yake. Siku ile aliyeanzisha alikuwa Solvei. Ule wimbo wa zamani alikuwa bado anaukumbuka, na palipompotea Kiiraqw alitia maneno yake ya Kiswahili. Alimwimba mzee Josephati na ng'ombe aliyemtoroka. Watu wakaitikia huku wanacheka, na Josephati mwenyewe, aliyekuja kupura kwa sababu pombe ya mama haisusiwi, aliitikia kuliko wote.

Sauti yake haikuwa ile ya kwenye kaseti. Ile ya kwenye kaseti ilikuwa imesafishwa, kama ngano iliyokwisha kuwa unga mweupe. Hii ilikuwa bado na pumba zake. Ilinipita kifuani. Aliniangalia juu ya vichwa vya watu, jasho likimteremka shavuni, nikakosa mapigo, fimbo yangu ikashuka peke yake.

"Clemensi!" Josephati akaniita. "Unapura ngano au unapura hewa?"

Ndipo gari likaingia.

Ilikuwa Land Rover nyeupe. Kwanza alishuka dereva, kijana wa Arusha anayeitwa Martini, amevaa miwani myeusi na shati lililopigwa pasi. Halafu akashuka Rolf. Nilitegemea shetani. Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la kitani na viatu vya gharama. Akakanyaga mavi ya Madoa hatua ya kwanza tu, na hakutukana, alijifuta tu kwenye majani. Hilo lilinikera zaidi. Mtu mbaya akiwa mpole, unaanzia wapi kumchukia?

Akasema kitu kwa lugha yao, amefungua mikono. Solvei hakumfuata. Alibaki katikati ya uwanja na fimbo yake.

"Rolf," akasema kwa Kiswahili, "hapa ni kwa watu. Nitaongea watu wakinisikia. Una dereva, atakutafsiria."

Martini akamgeukia Rolf, akamwambia kwa Kiingereza. Rolf akatabasamu kidogo, akajibu.

"Bosi anasema," Martini akatangaza, amenyanyua kidevu kama anasoma taarifa ya habari, "anakuomba kwa heshima na taadhima, dada mpendwa, urudi nyumbani tafadhali..."

"Usimpambe, Martini. Kiingereza nakisikia. Hakusema tafadhali."

Watu wakacheka. Martini akavua miwani.

"Samahani, dada. Anasema kuna onyesho kubwa, televisheni nzima. Tiketi yako ameshalipa. Anasema ukipanda gari leo, ya jukwaani yamesamehewa."

"Nani amesamehe?"

"Kampuni."

"Mwambie sikuomba msamaha."

Rolf alisikiliza tafsiri, akaacha kutabasamu. Akaongea kirefu, polepole, macho yake kwa Solvei tu. Martini alikuwa anatafsiri vipandevipande, na sasa hakupamba.

"Anasema, wewe ulikuwa msichana wa kuimba harusini. Yeye ndiye aliyekutoa. Amekulisha, amekuvisha, amekujengea jina. Anasema hilo jina Vivi ni mali ya kampuni. Nyimbo ni mali ya kampuni. Anasema... samahani dada, ni maneno yake... anasema, bila sisi utaimbia kuku."

Kuku mmoja alichungulia kwenye mdomo wa mashine yangu. Hakuna aliyecheka.

Solvei aliiweka fimbo chini.

"Wazee," akasema, na hakumsemesha Rolf, alitusemesha sisi. "Naomba mnisikilize, mimi ni mtoto wa hapa. Nilikuwa na ng'ombe mmoja. Sauti. Nilipewa na Mungu, na baba yangu ndiye aliyenifundisha kuitoa. Nikiwa msichana nilimpa mtu huyu anilishie. Amemlisha vizuri, sikatai. Na maziwa amekunywa miaka mingi, amenenepa. Sasa nimekuja mchana, mnaniona. Nataka ng'ombe wangu. Naomba mniambie, ng'ombe ni wa nani?"

Yaani hata mtoto wa Mbulumbulu anajua jibu la swali hilo.

"Wako!" watu wakasema.

"Anayelisha ana haki ya kukataa?"

"Hana!"

"Mimi jana nimetoa!" Josephati alipiga kelele, amemsogelea Rolf na fimbo yake. "Mimi! Ng'ombe wa maziwa, nimemzoea, mke wangu amelia! Lakini nimetoa! Wewe mzee mzima na koti lako, unamng'ang'ania ng'ombe wa mwenzako? Huna haya? Martini, mwambie huna haya!"

"Nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo!"

Martini akamwambia. Rolf akakunja uso, hakuelewa ng'ombe wametoka wapi. Alipoeleweshwa akacheka, kicheko kikavu, akampungia Solvei mkono aje, kama mtu anavyomwita mtoto aliyechelewa kutoka shule.

Ule mkono ndio ulionipandisha damu. Nilitupa fimbo nikaenda nikasimama kati yao. Kifua changu kilikuwa karibu na pua yake.

"Mwambie apande gari lake," nikamwambia Martini. "Mwambie huyu mwanamke haendi popote. Huyu sasa ni wa kwangu."

Nilidhani watu watashangilia. Nilisikia Madoa tu akicheua kule zizini.

"Wa kwako?" Solvei akauliza nyuma yangu.

Nikageuka. Wenye kupenda mnajua, kuna macho ambayo mtu akikutazama nayo unatamani akupige tu yaishe.

"Kamba yako iko wapi, Clemensi?"

"Solvei, mimi nilikuwa nakusaidia..."

"Nimeuliza kamba iko wapi. Jana ulikuwa nayo. Ilete. Unifunge hapa shingoni mbele ya watu, unipeleke zizini, ili Rolf aone ninakwenda kwa nani." Sauti haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimesimama hapa mbele ya wazee nadai kitu changu, na kabla sijakishika wewe umeshakitia mfukoni. Tofauti yako na yeye ni nini? Yeye angalau alinichagulia nguo."

Kina mama wawili watatu waliguna. Nikamwona mama mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi. Niliondoka njiani, nikasimama pembeni, mikono inaning'inia kama ya kuazima.

Rolf alikuwa mwerevu. Maneno hakuyaelewa, lakini uso wangu aliuelewa. Akafungua mlango wa gari, akasema neno moja, taratibu.

"Anasema twende," Martini akanong'ona.

"Nimesikia." Solvei akamwendea. Nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa amesimama mbele ya Rolf, hajapanda. "Martini, nitafsirie vizuri, usiongeze, usipunguze. Rolf, maziwa uliyokunywa sidai. Ndama walikuwa wangu, lakini nakuachia wote. Zile nyimbo zote ulizozikuza, chukua, ni shukrani yangu. Na jina la Vivi chukua, ulilitoa wewe, mpe msichana mwingine, umwambie asikupe mengine. Mimi nachukua ng'ombe tu. Nitaimba kwa jina la baba yangu. Nikikosa ukumbi nitaimba kwenye makanisa, na nikikosa makanisa nitaimba jikoni kwa watu. Na kama watakaokuja ni kuku, kuku nao wanasikia."

Martini alitafsiri neno kwa neno. Rolf alimtazama Solvei kwa muda. Nadhani kwa mara ya kwanza alikuwa anamtazama. Akavua kofia, akaivaa tena, akapanda gari. Josephati alilisindikiza hadi njiani, anapiga bodi kwa fimbo, "Muungwana! Sasa umekuwa muungwana! Usilie, utazoea!"

*

Nilimkuta Solvei nyuma ya mashine, amekaa kwenye gurudumu. Nilisimama mbali kidogo.

"Nimekosea," nikasema.

"Ndiyo."

"Sikujua kusema vingine. Nilitaka kusema nakupenda, ikatoka ile nyingine."

Akaniangalia. Macho yalikuwa mekundu. "Clemensi, mimi pia nakupenda, mpumbavu wewe. Ndiyo maana imeniuma. Ya Rolf nimeizoea."

Nilipiga hatua moja. Akanyanyua mkono, nikasimama.

"Ngoja, sijamaliza. Nakwenda Uswidi."

"Si umemkatalia?"

"Nimemkatalia yeye. Kuimba sijakataa. Kuna marafiki zangu wawili, mmoja anapiga kinanda. Tutatengeneza sahani yetu ya santuri wenyewe, tutaibeba kwenye begi duka kwa duka. Hakuna wa kunilipia tiketi, nitauza saa, na marafiki wataniuzia gita langu lililoko kule. Nikikaa hapa sasa, Rolf atasema nilikimbia. Na mimi mwenyewe nitajiona nimekimbia. Nikizeeka nitakulaumu wewe."

Kila kitu ndani yangu kilisema, mzuie. Mwambie baridi ya kule itamwua, mwambie wale watu watamla, mwambie mama alisema huwa mnaondoka hamrudi.

"Utakwenda lini?" nikauliza.

"Ngano ikiisha kupurwa."

Mama alikuwa amesimama pale kwenye kona ya mashine, hatukumsikia akija. Solvei akainuka haraka, akapangusa sketi.

"Shikamoo, mama."

"Umeniamkia asubuhi. Nimesikia unaondoka."

"Ndiyo, mama."

"Na utaniambia nini? Mavuno yakifika utakuwa umerudi?"

Solvei alimtazama mama usoni. Alijua ahadi ya mama yake. Sijui aliambiwa na nani, labda alikumbuka mwenyewe.

"Hapana, mama. Siahidi kitu. Nikiweza kurudi, nitarudi. Nikishindwa, nitakuandikia mimi mwenyewe kwamba nimeshindwa, na kwa nini. Sitakuacha unatazama njia."

Rozari ilikuwa inazunguka kwenye vidole vya mama, lakini hakuwa anasali, namjua.

"Mama yako angeniambia hivyo," akasema hatimaye, "nisingemkasirikia kiasi hiki." Halafu akaugeuza ule mwiko, akanichoma nao kifuani. "Na wewe. Umemtukana mgeni wangu mbele ya majirani. 'Wa kwangu.' Baba yako alinioa kwa taratibu zote, wazee wakakaa, na hata siku moja hakuthubutu kuniita hivyo. Watu wamekaa pale wanakunywa pombe yangu, kazi imesimama. Rudini uwanjani."

Tukarudi. Watu walikuwa wamekaa vikundivikundi, wanazungumza chini chini, na tulipotokea wakatugeukia. Solvei akaokota fimbo yake. Akasimama katikati, akaanzisha wimbo.

Haukuwa ule wa zamani. Ulikuwa wake, ule aliouimba jukwaani vyombo vikanyamaza, sasa aliutia Kiswahili. Maneno yalisema, niliazimwa nikasahau mwenyewe ni nani. Akafika pa kuitikia, akasubiri.

Hakuna aliyeitikia. Hawakuwa wabaya, ila wimbo hawakuujua, na ugomvi wetu ulikuwa bado moto, kila mtu aliona aibu kuwa wa kwanza. Fimbo zilisimama hewani. Nikaona shingo ya Solvei inapanda wekundu. Akarudia mstari. Akasubiri tena. Niliwaza ukumbi ule wa Uswidi, wapiga vyombo wanatazamana.

Mimi siimbi. Kanisani padri mwenyewe aliniomba nisali kimoyomoyo. Lakini nikachukua fimbo, nikaingia uwanjani mbele ya watu wote, mbele ya Josephati, mbele ya mama yangu.

"Nilisema huyu ni wa kwangu," nikasema kwa nguvu. "Nimesema uongo. Ni wa kwake mwenyewe. Mimi ndiye wa kwake, kama atanitaka. Asiponitaka, nitabaki na Madoa."

"Hata Madoa alikuwa hakutaki!" Josephati akapiga kelele, na kicheko kikapasuka uwanja mzima.

Solvei hakucheka. Alinitazama, akauinua wimbo kwa mara ya tatu, akafika pale pale, akasubiri.

Nikaitikia. Peke yangu, kwa sauti mbaya kama ya gia iliyokosa mafuta, na fimbo yangu ikashuka kwenye ngano kwa mapigo ya wimbo wake.